Njano ya Toyota Si Njano ya Dukani

Ndani ya Land Rover ya zamani, waya wa kahawia una moto saa zote. Umetoka kwenye betri, na mara nyingi haujapitia fyuzi yoyote. Ndani ya Toyota, waya wa kahawia unaoingia nyuma ya redio ni wa bodi, ule ambao mafundi huuita erthi. Rangi ni ile ile, kazi ni kinyume kabisa. Fundi aliyezoea Toyota akiufunga waya wa kahawia wa Land Rover kwenye bodi, moshi utamjulisha kabla mwenye gari hajauliza.

Magari ya namna hizo mbili, na mengine mengi, hukutana kila siku kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Ukisimama Waa kidogo tu utaona Probox zilizojaza abiria na magunia, Hiace za matatu zikikimbilia Ukunda, Canter za mawe na mchanga, na mara moja moja Land Rover au Peugeot 504 ambayo mwenyewe amekataa katakata kuiuza. Hiyo 504 huenda iliunganishwa Mombasa kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Probox nayo imeteremshwa bandarini Kilindini ikitoka Japani kwa mtumba, kabla haijavuka umri wa miaka 8 ambao sheria ya Kenya imeweka kuwa mwisho. Kila gari limekuja na mpango wake wa nyaya, kisha likapita mikononi mwa mafundi wa Likoni, Kombani, Ukunda na Msambweni, na kila fundi akaacha alama yake chini ya dashibodi.

Siku hizi kuna kazi moja inayorudi rudi kwenye gereji hizo. Mtu alinunua gari likiwa na redio yake ya kiwandani, akaing'oa na kufunga skrini kubwa ya dukani. Miaka miwili baadaye skrini imeganda, haiwaki wala haizimiki, na ile redio ya awali bado iko kabatini, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. "Fundi, nirudishie ile ya zamani." Wengine hawakubahatika hata kuwa na ya kwao, wamepata redio ya Toyota kwa wauza spea za mtumba na wanataka iingie kwenye gari lililokatwakatwa nyaya. Wana haki ya kuitaka. Redio za kiwandani zilizotengenezwa na kampuni kama Fujitsu Ten, Panasonic na Clarion zilijengwa zivumilie joto na mitikisiko ya miaka mingi, na zinakaa kwenye nafasi yake bila pengo pembeni. Toyota ina upana wake hasa: redio zake nyingi zina milimita 200 kwa 100, ilhali kipimo cha kawaida cha redio kubwa za dukani ni 180 kwa 100. Ndiyo maana skrini ya dukani huhitaji vipande vya plastiki vya kuziba ubavuni.

Tatizo liko nyuma, kwenye nyaya.

Redio za dukani, ziwe za Kijapani au za Kichina, hufuata rangi ambazo wauzaji wa redio walizikubali zamani. Njano ni umeme wa kudumu unaotunza saa na vituo. Nyekundu ni umeme unaokuja ukizungusha ufunguo. Nyeusi ni bodi. Bluu huamsha antena. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu ya mbele kulia, kijani ya nyuma kushoto, zambarau ya nyuma kulia, na kila mwenza wa upande wa hasi ana rangi hiyo hiyo yenye mstari mweusi. Fundi akizifunga redio kumi tu za namna hiyo, rangi hizo zinamkaa kichwani maisha.

Sasa fungua nyuma ya Toyota ya miaka ya 1990 au 2000. Utakuta plagi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Kwenye ile kubwa, umeme wa kudumu ni waya wa bluu wenye mstari wa njano. Umeme wa ufunguo ni kijivu. Taa za dashibodi ni kijani. Bodi ni kahawia. Spika ya mbele kulia ni kijani mpauko na bluu. Ya mbele kushoto ni pinki na zambarau. Kwenye plagi ndogo ya pini 6 kuna spika za nyuma peke yake: nyekundu na nyeupe kwa upande wa kulia, nyeusi na njano kwa upande wa kushoto.

Soma tena hiyo plagi ndogo. Nyekundu, nyeusi, njano: rangi tatu ambazo kwa redio ya dukani ni umeme wa ufunguo, bodi na umeme wa betri, kwa Toyota zote ni nyaya za spika za nyuma. Kijivu cha Toyota ni umeme, cha dukani ni spika. Kijani cha Toyota ni taa, cha dukani ni spika pia. Ni kama mtu alikaa akapanga makusudi ziwachanganye watu, ingawa ukweli ni kwamba waliozipanga hawakuwahi kukutana.

Hapo ndipo redio nyingi nzuri za kiwandani zilipofia. Fundi wa kwanza alikata plagi za gari na kusokota nyaya za Toyota na mkia wa redio ya dukani. Fundi wa pili, anayerudisha redio ya kiwandani, anakuta mkia wa dukani ukining'inia, mwekundu una moto, wa njano una moto, mweusi ni bodi. Mkononi ana redio ya Toyota yenye kipande cha plagi na nyaya zake. Anafunga nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, nyeusi kwa nyeusi, na moyo wake umetulia kwa kuwa rangi zimelingana. Alichofanya ni kupeleka volti 12 za betri kwenye mlango wa sauti ya spika za nyuma, na mlango wa pili ameufunga kwenye bodi. Kidude cha ampu ndani ya redio kinaweza kuungua papo hapo. Mwenye gari ataambiwa kwamba redio za zamani hazina maisha.

Rangi haikuwahi kuwa sheria ya dunia. Ndugu Paul na Joseph Galvin walipoanza kuuza redio ya gari mjini Chicago mwaka 1930, chini ya jina Motorola, redio ilikuwa kitu cha kuongezwa baadaye, na kuifunga ilikuwa kazi ya kutoboa na kupitisha nyaya hadi kwenye betri. Waliounda magari walijichagulia rangi zao. Waingereza walifuata mpangilio wa kampuni ya Lucas: kahawia kwa betri, nyeusi kwa bodi, nyeupe na kijani kwa umeme wa ufunguo. Wajerumani walichagua kahawia kwa bodi na nyekundu kwa betri, kisha wakaweka na namba: 30 ni umeme wa kudumu, 15 ni wa ufunguo, 31 ni bodi, 58 ni taa. Namba hizo zimechapwa hata kwenye michoro na relei za Mercedes na Volkswagen, na anayezijua hahitaji kubahatisha.

Baadaye magari ya Ulaya yalikubaliana juu ya plagi ya ISO, na kilichokubaliwa kilikuwa nafasi ya kila pini. Rangi ya waya haikuwa na neno. Katika plagi yake ya umeme, tundu la 4 ni umeme wa kudumu, la 7 ni wa ufunguo, la 8 ni bodi. Hata hivyo Volkswagen na wengine wachache walibadilishana la 4 na la 7. Dalili yake inajulikana sana: redio inaimba vizuri, lakini kila ukizima gari inasahau vituo vyote na saa inarudi mwanzo.

Kwa hiyo mwenye redio ya kiwandani mkononi aanze na redio yenyewe, kabla ya kugusa gari. Juu ya bati lake mara nyingi kuna karatasi ya kiwanda. Kwa Toyota, namba ya kipuri cha redio huanza na 86120, na kwenye redio nyingi kazi za pini zimeandikwa kwa vifupisho: B au +B kwa betri, ACC kwa umeme wa ufunguo, GND kwa bodi, ILL kwa taa, ANT kwa antena, halafu FR, FL, RR na RL kwa spika za mbele na nyuma, kulia na kushoto, kila moja na alama yake ya kujumlisha au kutoa. Karatasi hiyo ikiwa bado inasomeka, nusu ya kazi imekwisha. Ipigwe picha kwa simu, maana redio ikishaingia kwenye nafasi yake haionekani tena.

Na kama plagi za gari bado zipo, mtu asithubutu kuzikata. Viunganishi vya kati, vyenye plagi ya Toyota upande mmoja na nyaya za dukani upande wa pili, vinauzwa, na bei yake haiwezi kulinganishwa na usumbufu wa kutafuta nyaya kumi na nne zisizo na plagi. Kukata plagi kwa kuokoa dakika kumi ni uvivu unaolipiwa na fundi mwingine.

Plagi ikiwa haipo, hakuna njia ila kupima. Kifaa ni multimita, ambayo gerejini huitwa mita tu, ikiwekwa kwenye volti za betri, kipimo cha 20. Ncha nyeusi inagusishwa kwenye chuma kitupu cha bodi, kilichokwanguliwa rangi. Ufunguo ukiwa umetolewa, ncha nyekundu inapita waya mmoja mmoja. Ule unaosoma volti 12 na ushei gari likiwa limelala ndio umeme wa kudumu. Ufunguo unazungushwa hatua ya kwanza: waya mpya unaoamka ni wa ufunguo. Taa ndogo zinawashwa: unaoamka sasa ni wa taa za dashibodi. Mita inahamishwa kwenye kipimo cha omu na betri inafunguliwa upande wa hasi. Waya unaosoma karibu na sifuri dhidi ya bodi ndio wa erthi.

Zinabaki za spika, na hizo hujitambulisha kwa jozi. Spika ya gari huandikwa omu 4, na mita ikigusishwa kwenye nyaya zake mbili itasoma 3 na kitu. Ncha ikigusa waya wa spika nyingine, mita haisomi chochote. Zikishapatikana jozi nne, betri ndogo ya tochi ya volti 1.5 inamalizia: ikigusishwa mara moja kwenye jozi, spika mojawapo itatoa mlio mfupi, na mwenzako aliyekaa kiti cha nyuma atasema ni ya mlango gani. Anayetaka kujua chanya na hasi aitazame karatasi ya spika. Ikisukumwa kwenda nje, upande wa kujumlisha wa betri uko kwenye waya wa chanya. Spika moja ikigeuzwa haitaungua, ila inavuta wakati mwenzake inasukuma, na besi inapotea. Watu wamenunua spika mpya kwa kosa hilo.

Kuna nyaya ambazo mita haitakiwi kuzigusa kabisa. Plagi za njano na nyaya zilizovishwa mpira wa njano chini ya usukani na dashibodi, hata kama zinaonekana hazina mwenyewe, ni za mifuko ya hewa ya usalama. Mkondo mdogo unaotoka kwenye mita ikipima omu unaweza kuulipua mfuko huo usoni mwa fundi.

Kwenye matatu kuna msongamano wa ziada. Tangu kanuni za matatu zinazoitwa za Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, magari ya abiria yamelazimika kuwa na gavana ya mwendo, na baada ya gavana zikaja alamu, swichi za siri za kuzima injini na vifaa vya kufuatilia gari. Vingi vimechukua umeme wake chini ya dashibodi, tena mara nyingine kwenye waya wa redio uliokuwa karibu. Waya wenye moto uliopatikana nyuma ya redio ya Hiace unaweza kuwa ni wa gavana, na ukikatwa gari litagoma kuwaka asubuhi yake.

Pwani ina jambo lake jingine, nalo ni chumvi. Upepo wa bahari unaingia kwenye magari ya Waa, Tiwi na Diani mchana na usiku. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu huanza kuoza kwa ndani. Shaba inageuka kijani, kisha nyeusi, huku mpira wa nje ukibaki mzima. Waya kama huo huidanganya hata mita. Mita inakunywa umeme kidogo mno, hivyo itasoma volti 12 kamili kupitia nyuzi mbili tatu zilizobaki. Redio inawaka, saa inaonekana, lakini sauti ikipandishwa inakatika. Fundi mwenye uzoefu hufunga balbu ya indiketa ya wati 21 kati ya waya huo na bodi. Balbu hiyo inadai karibu ampea 2. Ikiwaka kwa nguvu, waya ni mzima; ikififia, waya umeoza mahali na hautaibeba redio. Kiungo kipya kinachofaa hewa ya pwani ni kile kilicholehemiwa kwa risasi au kubanwa kwa kiungio cha shaba, kisha kikavishwa mpira unaojikaza kwa joto. Tepu peke yake, kwa joto la Januari, hulainika na kufunguka.

Magari ya zamani zaidi yana mitego yao. Land Rover zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 hivi zilifunga chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Redio ya Toyota ikifungwa humo bila kubadili mfumo, chuma chake chenyewe, ambacho ni hasi, kinagusana na bodi yenye chanya. Bora ikiwa fyuzi itawahi kukatika. Mita hufichua jambo hili mara moja: ncha nyeusi ikiwa kwenye bodi, namba zinatokea na alama ya kutoa mbele yake. Namba ikisoma 24, hilo mara nyingi ni lori au basi la dizeli lenye betri mbili, na redio ya gari dogo haiwezi kuingia humo bila kishusha umeme.

Redio nyingi za miaka ya 1970 zilitumia waya mmoja tu kwa kila spika, upande wa pili ukarudia bodi ya gari. Redio za baadaye hazikubali hivyo. Ampu zake zinasukuma nyaya zote mbili za spika, na redio ikiwa imewashwa kila mmoja unasoma kama volti 6 dhidi ya bodi. Anayetaka kuweka redio ya Toyota ya mwaka 1998 ndani ya 504 basi apitishe nyaya mpya za spika, mbili kwa kila moja, hata kama za zamani zinaonekana nzuri.

Na kabla ya betri kufunguliwa, mtu aulize redio hiyo ina kufuli au haina. Redio kadhaa za Ulaya na za Honda za miaka ya 1990 huomba namba ya siri kila zinapokosa umeme wa kudumu. Zile za Toyota zenye skrini na ramani, zinazokuja na magari kutoka Japani, huandika maneno ya Kijapani na kudai namba ya kufungulia, mara nyingi pamoja na kadi ya ramani, ambayo mara nyingi ilishapotea njiani. Redio kama hiyo nyaya zake zinaweza kuwa sahihi zote na bado isitoe hata sauti ya kuwaka.

Ikishawaka, mara nyingi kunatokea malalamiko ya mwisho: redio ni nzima, haishiki kituo. Hapa nyaya hazina hatia. Japani inatangaza FM kuanzia 76 hadi 90, na redio nyingi za kwao zinaishia hapo. Radio Salaam ya Mombasa iko 90.7, imekosekana kwa tundu la sindano. Radio Rahma iko 91.5, Baraka FM 95.5, Pwani FM 103.1. Redio mpya kidogo zinafika 95, baada ya Japani kupanua masafa yake kuanzia mwaka 2014, na hizo zitazipata Salaam na Rahma lakini Baraka itabaki ng'ambo.

Dawa yake ni kisanduku kidogo cha kushusha masafa, kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Kina waya mmoja wa bodi na mmoja wa umeme, na wa umeme ufungwe kwenye ule wa ufunguo. Ukifungwa kwenye wa kudumu, unanyonya betri polepole gari likiwa limeegeshwa. Kama antena ya gari iko kwenye kioo na ina kikuza mawimbi chake, waya wake wa kukiamsha nao uunganishwe, la sivyo kisanduku kitashusha ukimya tu. Namba ya kiasi kinachoshushwa imeandikwa juu yake. Cha 14, kwa mfano, kinaileta Salaam kwenye 76.7, Rahma kwenye 77.5, Baraka kwenye 81.5, na Pwani FM kwenye 89.1, karibu kabisa na mwisho wa redio.